Walter Travis, Bingwa wa Pigo Fupi

Walter Travis alizaliwa mwaka wa 1862 katika mji wa Maldon, nchi ya Australia. Alipokuwa kijana alivuka bahari mpaka New York, katika Marekani, akafanya biashara ya vyombo vya chuma. Mchezo wa gofu hakuujua. Hata mwaka wa 1896, akiwa na umri wa miaka 34, ndipo aliposhika fimbo yake mara ya kwanza.

Gofu, ambao huchezwa hata Nairobi na Dar es Salaam, ni mchezo wa kupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo mpaka uingie katika shimo lenye upana wa inchi 4 na robo. Pigo la kwanza ni la nguvu, na mpira huruka mbali sana. Lakini ukiisha kukaribia shimo, nguvu hazifai kitu, kama zisivyofaa katika bao. Hapo majani yamekatwa mafupi, na mpira husukumwa taratibu ubingirike. Pigo refu huhesabiwa moja, na fupi moja vilevile. Naye mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Travis alikuwa mtu mwembamba, tena si kijana. Alijua ya kuwa hataweza kupiga mbali kama wengine, wala hakujidanganya. Basi akasoma vitabu vya mchezo, akajizoeza sana mapigo ya karibu na shimo. Mwaka wa 1900 akawa bingwa wa Marekani katika wachezaji wasiolipwa. Akashinda tena mwaka wa 1901 na 1903.

Mwaka wa 1904 alikwenda Sandwich, katika Uingereza, kushindania ubingwa wa huko. Fimbo yake ya pigo fupi ikawa haimtii kabisa, akaazima ya mwenzake. Fimbo hiyo ilibuniwa katika mji wa Schenectady, na mpini wake uliingia karibu na katikati ya kichwa, si mwishoni. Siku ya mwisho alipambana na Edward Blackwell, mtu wa nguvu nyingi, ambaye mpira wake uliupita wa Travis kwa mbali. Lakini kila walipofika penye majani mafupi, Travis akatumbukiza. Akashinda, naye alikuwa mtu wa kwanza kutoka Marekani kuupata ubingwa ule. Mwaka wa 1910 wakuu wa mchezo huko St Andrews wakazikataza fimbo za namna ile, kana kwamba fimbo ndiyo iliyojizoeza.

Mwaka wa 1916 Travis alikubali kumfundisha kijana hodari, Bobby Jones. Kijana akachelewa, na mzee akaenda zake. Miaka 8 ikapita kabla Jones hajalipata somo lile. Mwaka wa 1924 Travis akamwonyesha jinsi ya kukaribisha miguu na kushika fimbo kwa namna nyingine. Mwaka huohuo Jones akawa bingwa wa Marekani wa wachezaji wasiolipwa, mara yake ya kwanza.

Travis alifariki Denver mwaka wa 1927.