Jeanne Villepreux-Power: Mshonaji nguo aliyebuni tangi la samaki

KILA anayevuka mpaka wa Mpondwe na mzigo kichwani anajua jambo hili: bidhaa ikiharibika unaweza kukopa na kuanza tena, lakini karatasi zikipotea umekwama. Jambo hilo lilimpata msichana mmoja Mfaransa mwaka 1812. Alikuwa na umri wa miaka 18, yuko safarini kwa miguu, na hati zake zilikuwa zimechukuliwa na ndugu aliyepewa kazi ya kumlinda.

Msichana huyo aliitwa Jeanne Villepreux. Leo anakumbukwa kuwa ndiye aliyebuni akwariamu, yaani tangi la kioo la kutunzia samaki na viumbe wengine wa majini ili mtu awaone wakiwa hai, wakila, wakizaa na kujenga makao yao.

Mpenzi msomaji, nimeamua kusimulia maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hapa Maliba, na hata kule Bwera, baadhi ya wazazi wameanza kunijia wakiuliza namna ya kuwawekea watoto tangi la samaki nyumbani. Wanamfuata mwalimu kwa kuwa shuleni tunalo moja. Sababu ya pili ni kwamba wengi wetu hapa ni watu wa kuondoka na kurudi. Mama huyu naye aliondoka kijijini kwake, akapoteza mali, akakimbia vita na kurudi kufia nyumbani.

Jeanne alizaliwa Septemba 1794 katika kijiji cha Juillac, mkoa wa Corrèze, kusini magharibi ya kati ya Ufaransa. Familia yake ilikuwa ya watu wa kawaida. Hakupata shule ya juu. Alijua kusoma, kuandika na kushona. Alipofikisha miaka 18 alipata ahadi ya kazi ya ushonaji mjini Paris, safari ya zaidi ya kilomita 400, akaianza kwa miguu akiongozana na binamu yake.

Njiani binamu huyo alimshambulia, kisha akatoweka na hati zake. Jeanne alikimbilia kituo cha polisi katika mji wa Orléans, akabaki hapo akisubiri hati nyingine zitumwe kutoka nyumbani. Alipofika Paris, nafasi aliyoahidiwa ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Hakurudi nyuma. Alitafuta mpaka akapata kazi ya kumsaidia mshonaji mwingine.

Hapo ndipo mikono yake ilipomfungulia njia. Mwaka 1816 alipewa kazi ya kutarizi gauni la harusi la Binti Mfalme Caroline wa Sicilia, aliyekuwa akiolewa na Mtawala wa Berry, mtu wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Gauni hilo lilimpa jina. Kupitia kazi hiyo alikutana na mfanyabiashara Mwingereza, James Power. Walifunga ndoa mwaka 1818 huko Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicilia, wakaishi hapo kwa karibu miaka 25.

Angeweza kukaa kama mke wa tajiri na kupokea wageni. Badala yake alianza kujifundisha elimu ya viumbe. Alizunguka kisiwa kizima akikusanya mimea, vipepeo, visukuku na makombe ya baharini, na baadaye akaandika vitabu viwili vya kuwaongoza wasafiri wa Sicilia, kimoja mwaka 1839 na kingine mwaka 1842. Hakuwa na mwalimu wala cheti.

Jambo lililomshika zaidi lilikuwa pweza mmoja mdogo anayeitwa argonauta. Jike la pweza huyu hukaa ndani ya ganda jeupe, jembamba kama karatasi. Tangu enzi za Wagiriki wa kale wataalamu walikuwa wakibishana: je, ganda hilo analitengeneza mwenyewe, au analipora kwa kiumbe mwingine kama afanyavyo yule kaa anayehamia katika ganda la konokono aliyekufa? Ubishi haukuisha kwa sababu walichunguza maiti. Pweza huyo alipotolewa baharini alikufa, na maiti haionyeshi namna ganda lilivyojengwa.

Jeanne aliona kwamba dawa ni kumweka hai mahali anapoweza kuonekana. Mwaka 1832 alitengenezesha tangi la kioo na kulijaza maji ya bahari. Kisha akabuni la pili, la kioo pia lakini lililofungwa ndani ya kizimba, ili liweze kuzamishwa kwenye maji mafupi. La tatu lilikuwa kizimba kikubwa kilichotiwa nanga, kinachoweza kushushwa kina mbalimbali kwa ajili ya viumbe wakubwa.

Watu walifuga samaki kabla yake, hilo halina ubishi. Wachina waliweka samaki wa dhahabu katika vyungu kwa karne nyingi. Lakini kutengeneza chombo cha kioo kwa makusudi ya kumchunguza kiumbe wa majini akiwa hai, siku hadi siku, ndiyo kazi anayohesabiwa kuianzisha.

Kwa njia hiyo aliwafuatilia argonauta tangu wakiwa mayai. Aliona kwamba watoto huzaliwa bila ganda na hulijenga wanapokua. Alivunja vipande vya ganda kwa makusudi, akaona pweza akiliziba pengo kwa utando wa mikono yake. Ubishi wa karne nyingi ukapata jibu kutoka kwa mshonaji nguo.

Si wote waliofurahi. Wakati ule mwanamke hakutarajiwa kuwasahihisha maprofesa. Lakini jumuiya ya wanasayansi ya Accademia Gioenia ya mjini Catania ilimpokea, akawa mwanamke wa kwanza kuingia humo, na mwaka 1834 profesa mmoja wa huko, Carmelo Maravigna, aliandika kwamba heshima ya kubuni akwariamu ni ya Jeanne. Huko London mtaalamu mkubwa wa viumbe, Richard Owen, aliitetea kazi yake, naye akafanywa mwanachama wa Jumuiya ya Wanazoolojia ya London.

Mwaka 1843 mume na mke waliihama Sicilia. Sehemu kubwa ya mikusanyo yake, kumbukumbu na michoro ilipakiwa melini. Meli ikazama. Kazi ya miaka mingi ikaenda chini ya bahari ile ile aliyokuwa akiichunguza. Baada ya hapo aliendelea kuandika, lakini hakufanya tena utafiti mpya.

Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Mimi nilisoma shule ng'ambo ya mpaka, upande wa Congo, kwa Kifaransa. Tuliporudi nyumbani, vyeti nilivyokuja navyo havikunisaidia, nikaketi tena darasani na watoto wadogo kuliko mimi. Angalau mimi vyeti vyangu nilikuwa navyo mkononi.

Wakati yeye hana tena karatasi zake, wengine waliendelea. Mkemia Robert Warington alionyesha mjini London, mwaka 1850, kwamba samaki, konokono na mimea vinaweza kuishi pamoja katika tangi moja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholieneza neno akwariamu. Matangi yakawa mtindo majumbani Uingereza. Jina la mama wa Messina likaanza kusahaulika, ingawa yeye alitangulia kwa karibu miaka 20.

Sasa nirudi kwa wazazi wanaoniuliza, maana mafunzo ya Jeanne yanafaa hata sebuleni Maliba.

La kwanza ni chombo. Bakuli dogo la duara ni zuri kwa macho ila ni baya kwa samaki. Mwambie fundi wa vioo wa Kasese akutengenezee tangi la lita 60 hivi, lenye mdomo mpana, kwa sababu hewa huingilia juu ya maji. Atumie gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Kumbuka lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja: tangi hilo na mchanga wake litapita kilo 70. Liweke juu ya meza imara, mbali na dirisha lenye jua kali. Lioshe kwa maji matupu, usitumie sabuni.

La pili ni maji. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huwaua samaki. Yaache katika ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua au ya kijito safi cha mlimani yanafaa zaidi, lakini usichote mto Nyamwamba chini ya Kilembe. Mabaki ya mgodi wa shaba yamelundikana kando ya mto huo, na shaba ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo.

La tatu ni subira, na hapa nilikosea mimi mwenyewe. Tangi letu la kwanza shuleni nililijaza asubuhi, mchana nikatia samaki 12. Watoto walifurahi siku nne. Siku ya tano wote walikuwa wamekufa, na mtoto mmoja wa darasa la pili alilia mpaka mama yake akaitwa. Nilikuwa sijui kwamba kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka. Weka maji, mchanga uliooshwa na mimea, tia punje chache za chakula cha samaki kila siku, subiri. Kisha anza na samaki wawili au watatu, si 12.

La nne ni chujio. Kama una umeme, au sola inayotosha, weka chujio dogo la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa. Sponji hiyo ndiyo nyumba ya bakteria, kwa hiyo isuuze kwa maji yaliyotoka ndani ya tangi, kamwe si ya bomba. Kama huna umeme, weka mimea mingi na samaki wachache sana.

La tano ni usafi na chakula. Badilisha robo ya maji kila wiki, usiyamwage yote. Toa chakula kinachokwisha kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Samaki wa wanaoanza hufa kwa kushiba zaidi kuliko kwa njaa, kwani chakula kinachobaki huoza.

La sita ni samaki wenyewe. Gapi, wale wadogo wenye mikia ya rangi, huvumilia makosa ya anayeanza. Nunua kwa mfugaji. Usivue vifaranga Ziwa George au Ziwa Edward bila ruhusa, kwani maji hayo yamo ndani na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Na ninyi mnaopita Mpondwe, samaki hai hawavushwi kama ndizi. Uliza kwanza idara ya uvuvi kuhusu kibali. Ukichoka nao, usiwamwage mtoni. Sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo zilitoweka.

Jambo hilo Jeanne naye alilifikiria kwa upande wa pili. Alipendekeza kwamba mito ya Sicilia iliyokwisha samaki irudishiwe vifaranga waliolelewa vizimbani. Wenye mabwawa ya ngege hapa Kasese wanafanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Miaka yake ya mwisho aliigawa kati ya Paris na London. Majira ya baridi ya 1870 jeshi la Prussia liliuzingira mji wa Paris, watu wakawa wanakufa njaa. Jeanne, mwenye umri wa miaka 76, akakimbia. Alikwenda Juillac, kijiji alichokiacha kwa miguu akiwa msichana. Alifariki huko Januari 1871.

Kwa zaidi ya miaka 100 karibu hakuna aliyemtaja. Baadaye watafiti walianza kufukua jina lake katika makabati ya maktaba, na mwaka 1997 shimo kubwa katika sayari ya Zuhura likapewa jina lake.

Tangi letu la pili pale shuleni lina samaki tisa sasa, na wamezaa. Yule mtoto aliyelia ndiye mwenye zamu ya kulisha, naye huhesabu punje moja moja. Juu ya kioo tumebandika karatasi yenye jina la Jeanne Villepreux-Power. Mzazi anayetaka kuanza na aje kutazama, lakini asubiri wiki zake sita.