Mtu wa Sura Nyingi: Maisha ya Bwana Noble Johnson

Wasomaji wa gazeti hili waliokuwapo shuleni muhula huu watakumbuka usiku wa Jumamosi tulipoonyeshwa picha ya King Kong katika bwalo. Ni picha ya zamani, ya mwaka 1933, nayo haina rangi ila nyeusi na nyeupe. Wengi wetu tulikwenda kumtazama sokwe akipanda jumba refu la New York, na kwa hakika hatukujuta. Lakini kabla sokwe hajatokea, yuko mtu mmoja mrefu, kifua kipana, manyoya kichwani, ambaye ndiye mkuu wa kisiwa. Aliinua mkono akanena kwa lugha tusiyoijua, na bwalo zima likaangua kicheko. Mimi nami nilicheka, tena nadhani niliwashinda wengine. Siku ya pili vijana wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakimwigiza katika foleni ya uji.

Mwalimu wetu wa Historia, aliyekuwa zamu usiku ule, hakutukemea. Aliniagiza tu nitafute yule mkuu wa kisiwa alikuwa nani, kisha nije nimweleze kama bado ninacheka. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lake lilikuwa Noble Johnson. Alizaliwa tarehe 18 Aprili, 1881, katika mji wa Marshall, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa nchini humo mwaka 1865, yaani miaka 16 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Wazazi wake walihamia Colorado Springs, mji ulio chini ya milima, na huko ndiko alikokulia. Baba yake alikuwa fundi wa kufundisha farasi. Shuleni Noble alikuwa na rafiki, mtoto wa kizungu aitwaye Lon Chaney, ambaye baadaye naye alikuwa mchezaji mashuhuri wa senema, akasifiwa sana kwa ustadi wake wa kubadili uso. Naona ni ajabu kwamba mji ule mmoja ulitoa watoto wawili ambao riziki yao ilikuja kuwa kuvaa sura zisizo zao.

Noble hakukaa sana darasani. Aliacha shule angali kijana mdogo akafuatana na baba yake katika kazi ya farasi. (Wazazi watakaosoma haya wasidhani kwamba naisifu tabia hiyo.) Baadaye alichunga ng'ombe, akafanya kazi migodini, akazunguka huku na huku kama wafanyavyo watu wasio na ardhi. Akawa mtu wa futi 6 na inchi 2, mwenye nguvu, asiyeogopa farasi ye yote.

Farasi ndio waliomtia katika senema. Mwaka 1914 kampuni ya Lubin ilifika Colorado kupiga picha, na mchezaji wao mmoja akaumia. Alihitajika upesi mtu mkubwa wa mwili awezaye kuwamudu farasi. Noble akachukuliwa, akapakwa rangi, akawa Mhindi Mwekundu. Tangu siku hiyo hadi alipoacha kazi hiyo, miaka 36 baadaye, ni mara chache sana watu walimwona katika senema akiwa yeye mwenyewe.

Inafaa hapa nieleze hali ya senema katika miaka ile. Mwaka 1915 ilitoka picha moja kubwa iitwayo The Birth of a Nation, ambayo Marekani nzima iliizungumza. Ndani yake watu weusi walionyeshwa kuwa wajinga na wakatili, na wengi wa hao weusi walikuwa wazungu waliojipaka masizi usoni. Basi fikiri wewe msomaji, umelipa senti zako, umeketi gizani, na unayemwona ukutani akiitwa kwa jina la kabila lako ni mtu mwingine aliyejipaka masizi.

Mwaka 1916 Noble na ndugu yake George, pamoja na wenzao wachache, akiwamo muuza dawa mmoja tajiri na mchezaji Clarence Brooks, walianzisha kampuni yao wenyewe ya kupiga picha. Waliipa jina la Lincoln, yule rais aliyetangaza uhuru wa watumwa. Noble akawa rais wa kampuni. George alikuwa karani wa posta katika mji wa Omaha, na baada ya saa za kazi aliandika barua kwa wenye majumba ya senema kuwaomba waonyeshe picha zao. Fedha hazikuwapo nyingi. Noble alikuwa akifanya kazi katika kampuni kubwa ya Universal, na mshahara aliolipwa huko akautia katika kampuni ya Lincoln.

Picha yao ya kwanza ilikuwa fupi, mikanda miwili tu. Ilieleza habari za kijana mweusi, James Burton, aliyehitimu Tuskegee na kuwa injinia. Anaacha shamba la baba yake kwenda California kutafuta kazi katika visima vya mafuta, ananyimwa kwa sababu ya rangi yake, kisha anamwokoa binti wa mwenye visima kutoka katika gari la farasi waliotoroka. Anapewa kazi, anafaulu, na mwisho anatambua kwamba udongo wa shamba la baba yake unafanana na udongo wa pale penye mafuta. Anarudi nyumbani, anachimba, anayapata. Noble mwenyewe ndiye aliyekuwa James Burton. Mtaniambia hadithi hii ni nyepesi, nami sibishi. Lakini mwaka 1916 hapakuwa na picha nyingine ambamo mtu mweusi alimwona mweusi mwenziwe akiwa injinia, amevaa suti, tena anapendwa na msichana mwema wa kwao.

Iliyofuata ilihusu askari weusi wa farasi waliopigana Carrizal, Mexico, mwezi Juni, 1916, na humo pia Noble alikuwa mchezaji mkuu. Picha hizi zilionyeshwa katika majumba ya senema ya mitaa ya weusi, na hata makanisani na shuleni.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ilitokea kwamba katika mtaa mmoja jumba hili linaonyesha picha ya Lincoln, na jumba la jirani linaonyesha picha ya Universal ambayo Noble alichezea jambo dogo tu. Watu weusi walipoona uso wake katika mabango yote mawili, waliingia kule alikokuwa mkuu. Wenye majumba yaliyokosa watu wakalalamika kwa Universal. Universal ikamtaka Noble achague: aache kucheza katika picha za Lincoln, na uso wake uondolewe katika matangazo yao, ama sivyo apoteze kazi. Mwaka 1918 akajiuzulu urais wa kampuni aliyoianzisha. Wenzake waliendelea bila yeye, wakatoa picha nyingine, hata By Right of Birth ya mwaka 1921, kisha kampuni ikafa kwa kukosa fedha.

Jambo hili limeleta ubishi mkali katika bweni letu. Mwenzangu wa kitanda cha juu anashika kwamba Noble aliwauza wenziwe kwa mshahara. Mimi sikubali, ijapokuwa kwa usiku mmoja nilikubali. Mshahara ule ndio uliokuwa ukilipia picha za Lincoln. Angaliacha Universal, Lincoln ingaliendelea kwa fedha gani? Na angalibaki Universal bila ya kujiuzulu, wasingalimwacha. Walimkamata kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Mwenzangu hakutosheka na jibu hili, na kengele ya kulala ikatukuta bado tunabishana.

Baada ya hapo Noble alicheza sehemu ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, akapita picha 140. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi, na kwa kuwa picha za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, rangi kidogo usoni ilitosha kumfanya mtu wa taifa lo lote. Mwaka 1922 alikuwa Ijumaa, mtumishi wa Robinson Crusoe. Mwaka 1924 alikuwa mwana wa mfalme kutoka Bara Hindi katika The Thief of Bagdad, na mwaka huo huo akawa mkuu wa wala watu katika The Navigator ya Buster Keaton. Mwaka 1930 alikuwa Queequeg, mrusha chusa wa Moby Dick. Mwaka 1932 alikuwa Mnubi, mtumwa wa maiti aliyefufuka, katika The Mummy. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 68, alirudi kuwa Mhindi Mwekundu, jemadari Red Shirt, katika picha ya John Ford.

Lakini iliyonishangaza kuliko zote ni The Most Dangerous Game ya mwaka 1932. Ilipigwa katika msitu ule ule wa kutengenezwa uliotumiwa kwa King Kong. Humo Noble amepakwa rangi nyeupe, amefugishwa ndevu, naye ni Ivan, Mrusi, mtumishi wa bwana awindaye watu. Wazungu walijipaka masizi ili wawe weusi, na huyu naye alipakwa weupe ili awe mzungu, lakini mzungu wenyewe alikuwa bubu. Hakupewa neno hata moja la kusema.

Aliacha senema mwaka 1950. Akaishi kimya California, akitumia jina la Mark Noble, na akafa Yucaipa tarehe 9 Januari, 1978, akiwa na umri wa miaka 96. Ndugu yake George alikuwa ameweka barua na karatasi za kampuni ya Lincoln kwa miaka mingi, nazo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Ile picha ya James Burton injinia imepotea. Picha ya mkuu wa kisiwa ipo, na tuliiona bwaloni.

Nilirudi kwa mwalimu nikamweleza yote haya. Hakuniuliza tena habari ya kicheko, nami sikumkumbusha. Klabu ya picha imekubali kutuonyesha The Most Dangerous Game mwanzo wa muhula ujao. Atakayekuja na awahi kuketi, autazame ule mlango mkubwa wa ngome unapofunguliwa: Ivan ndiye anayeufungua.