Leo Baekeland na kisanduku cha bobini

Leo Baekeland alizaliwa Gent, Ubelgiji, mwaka wa 1863. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, mama mutumishi wa nyumba. Mwaka wa 1889 akaenda Marekani. Kule aliuza karatasi yake ya picha kwa Eastman mu 1899, na feza haikumukosa tena.

Motokari za wakati ule zilisumbuliwa na bobini, ile inayotoa cheche ya kuwasha esanse. Nyuzi za shaba mu bobini ninyi bachimbaji munazijua. Shida ilikuwa kifuniko. Ford T ilifungia bobini mu kisanduku cha mbao: mbao ikinywa mayi, kura inavuja, moteri inakataa kuwaka.

Baekeland alichanganya fenoli, iliyotoka mu makaa ya mawe, na formaldeide. Batu bengine balijaribu mbele yake, bakapata uchafu mugumu wa kutupa. Yeye alitia moto pamoja na presha, tena na tena, mpaka 1907 ikatoka Bakelite: moto hauiyeyushi, kura haipiti. Batengenezaji ba motokari bakaitumia kwa vyombo vya kuwashia moteri. Ford T yenyewe ilibaki na mbao yake mpaka mwisho, 1927.

Baekeland alikufa 1944, Beacon, New York.