Don Bosco: Mtoto wa mkulima aliyewawekea vijana mikataba ya kazi

SHIRIKA la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba mwaka 2023 vijana milioni 64.9 duniani walikuwa wakitafuta kazi bila kuipata, sawa na asilimia 13 ya nguvu kazi ya vijana. Aidha, kijana mmoja kati ya watano hakuwa kazini, shuleni wala katika mafunzo yoyote.

Takwimu hizo hazielezi yote. Wapo vijana wanaohesabiwa kuwa wana kazi, lakini kazi yenyewe ni kubeba zege kutwa bila kujua jioni watalipwa nini, au kushika spana gerejini miaka minne bila kufundishwa kufungua injini. Kijana wa namna hiyo ana kazi na papo hapo hana kazi, kwa sababu siku tajiri akimfukuza anaondoka mikono mitupu, bila ujuzi na bila karatasi yoyote.

Mtu mmoja aliyelishughulikia tatizo hilo kwa vitendo ni Giovanni Bosco, padri anayejulikana zaidi kwa jina la Don Bosco. Wasomaji wengi wamekwisha kuliona jina hilo kwenye mabango ya vyuo vya ufundi vya Dodoma na Iringa. Wachache wanajua kwamba mchango wake mkubwa kwa uchumi wa vijana ulianzia kwenye kitu kidogo sana, yaani mkataba wa maandishi kati ya fundi na mwanagenzi wake.

Jembe au kitabu

Bosco alizaliwa Agosti 16, 1815 katika kitongoji cha Becchi, kijiji cha Castelnuovo d'Asti, eneo la Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia ya leo. Baba yake, Francesco, alikuwa mkulima mdogo. Alifariki Mei 1817 kwa ugonjwa wa mapafu, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Kipindi hicho eneo lile lilikumbwa na njaa baada ya mazao kuharibika, na mjane Margherita Occhiena, ambaye hakujua kusoma, akabaki na mama mkwe mzee pamoja na watoto watatu wa kulisha.

Mkubwa wa watoto hao alikuwa Antonio, aliyezaliwa na mke wa kwanza wa Francesco. Yeye hakutaka kusikia habari za shule. Kwake shamba lilikuwa dogo, midomo mingi, na kila mwenye mikono alipaswa kushika jembe. Mkulima yeyote ataona kwamba Antonio alikuwa na hoja. Giovanni naye alitaka kusoma, na ugomvi ukazidi nyumbani. Februari 1828 mama aliamua kumwondoa mtoto huyo wa miaka 12 ili kuleta amani. Alikwenda kuomba kazi katika shamba la familia ya Moglia, akawa kibarua wa kuchunga ng'ombe na kulima kwa karibu miaka miwili.

Baada ya mali ya familia kugawanywa, Giovanni alikwenda shule katika mji wa Chieri mwaka 1831. Fedha za kujikimu hakuwa nazo, hivyo alilipia chakula na malazi kwa kazi. Alishona nguo, akafanya kazi katika duka la kahawa la Giovanni Pianta, ambako alijifunza kutengeneza kahawa, vinywaji na barafu tamu hadi mwenye duka akataka kumwajiri moja kwa moja. Kwa mhunzi Evasio Savio alijifunza kufua chuma. Alipopewa upadri Juni 5, 1841, tayari alikuwa amezijua kazi kadhaa za mikono.

Mji uliojaa wasaidia fundi

Mwaka huo huo alihamia Torino, makao makuu ya ufalme wa Piemonte na Sardinia. Mji ulikuwa unapanuka na majengo yanaota kila upande. Kutoka milimani na vijijini walikuja vijana kutafuta kazi za uashi, kupiga lipu, kuchonga mawe na kusafisha mabomba ya moshi. Wengi walikuja kwa msimu wa ujenzi na kurudi kwao baridi ilipoingia. Wengine hawakuwa na kwa kurudi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mchumi hawezi kuliacha. Kwa karne nyingi vyama vya mafundi ndivyo vilivyopanga nani ajifunze kazi, kwa miaka mingapi na kwa masharti gani. Mwaka 1844 serikali ilivifuta vyama hivyo ili kufungua soko la kazi. Soko lilifunguka kweli, lakini mwanagenzi akabaki peke yake mbele ya tajiri wake.

Padri Bosco alizoea kutembelea magereza ya Torino. Humo alikuta vijana wenye afya na akili wamefungwa kwa wizi mdogo mdogo. Kilichomshtua zaidi ni kuona wale wale waliofunguliwa wakirudi tena. Aliona kwamba wanarudi kwa sababu nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea wala kazi ya kuwashika.

Yeye mwenyewe alihesabu kazi yake kuwa ilianza Desemba 8, 1841, alipokutana kanisani na kijana yatima kutoka Asti, Bartolomeo Garelli, mwashi asiyejua kusoma wala kuandika. Kutoka kijana mmoja walifika makumi, kisha mamia, waliokutana Jumapili kwa ibada, michezo na masomo. Kelele zao ziliwaudhi majirani, wakafukuzwa sehemu moja baada ya nyingine, hadi Aprili 1846 walipopangishwa banda la bwana Pinardi katika kitongoji cha Valdocco.

Mwaka huo Bosco aliugua nusura afe. Alipopona alimleta mama yake mjini, naye Margherita, akiwa na umri wa miaka 58, akaacha shamba akaja kuwapikia na kuwafulia vijana wasio wake. Usiku mmoja waliwalaza vijana kadhaa darini kwenye majani makavu. Asubuhi wakakuta wageni wameondoka na mashuka na mablanketi. Hawakukata tamaa. Mwaka 1847 walianza kupokea yatima wa kuishi nao.

Usiku vijana walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu. Serikali ilipotangaza kwamba kuanzia mwaka 1850 vipimo vya mita, lita na kilo ndivyo vitakavyotumika kisheria, Bosco alitoa kitabu kidogo cha kuvifafanua kwa mafundi na watu wa mashambani. Alielewa kwamba asiyejua kipimo hupunjwa sokoni.

Karatasi yenye muhuri

Siku za wiki Bosco alipita kwenye majengo na karakana kuangalia vijana wake wanafanya nini. Aliyoyaona ndiyo yanayoonekana hadi leo. Mtoto aliyepelekwa kujifunza useremala anatumwa kuchota maji na kubeba mtoto wa tajiri. Mwingine anapigwa. Mwingine anafanya kazi Jumapili hadi Jumapili.

Kuanzia mwaka 1851 alianza kuwaketisha mafundi mezani. Mkataba mmoja unaojulikana sana ni wa Februari 1852, kati ya seremala Giuseppe Bertolino na kijana Giuseppe Odasso, ulioandikwa kwenye karatasi rasmi ya serikali yenye muhuri. Fundi alikubali kumfundisha kijana useremala kwa miaka miwili, kumpa kazi za useremala tu na zisizozidi nguvu zake, kumwonya kwa maneno na si kwa kipigo, kumwachia Jumapili na sikukuu zote, na kumpa likizo ya siku 15 kila mwaka. Malipo yalitajwa, nayo yalipanda kadiri kijana alivyozidi kuijua kazi.

Upande wa pili nao ulibanwa. Kijana aliahidi kuwa mtiifu, mwenye bidii na mwaminifu, na baba yake alisimama kama mdhamini endapo angesababisha hasara. Bosco mwenyewe aliweka saini na kubaki mfuatiliaji. Kwa maneno mengine, fundi alipata msaidizi mwenye mdhamini, na kijana alipata ujuzi wenye tarehe ya mwisho. Kila mmoja alikuwa na faida ya kulinda.

Kutoka mkataba hadi karakana

Hata hivyo, mikataba haikutosha. Karakana nyingi za mjini bado zilikuwa na mazingira mabaya, na Bosco hakuweza kuwa kila mahali. Mwaka 1853 alianzisha karakana zake za ushonaji nguo na viatu, akiketi mwenyewe kuonyesha namna ya kushona ngozi. Mwaka 1854 ikafuata ya kujalidi vitabu, 1856 ya useremala, kiwanda cha uchapaji kikapata kibali mwishoni mwa 1861, na karakana ya uhunzi ikaanza 1862.

Mpangilio wake unafaa kuzingatiwa na mfanyabiashara mdogo. Karakana zilianza kwa kuhudumia nyumba yenyewe, kwani vijana walihitaji viatu, nguo, meza na vitabu. Mteja wa kwanza alikuwepo tayari, kisha ndipo zikachukua kazi za nje. Fedha zilipatikana kwa michango, mikopo na bahati nasibu, na madeni hayakukauka maisha yake yote.

Makosa pia yalikuwepo. Mafundi wa kulipwa mshahara waliwafanya wanagenzi kuwa watumishi wao, na walipopewa nafasi ya kuvuna faida waliwachukulia vijana kama nguvu kazi ya bure. Hatimaye alitegemea walei waliojiunga na shirika lake la Wasalesiani, lililoanzishwa Desemba 1859. Wasichana walisubiri hadi mwaka 1872, alipoanzisha shirika la masista pamoja na Maria Mazzarello. Vilevile, aliwategemea wafadhili, wala hakuingia katika mapambano ya kubadili sheria za kazi kwa vijana wote, hivyo maelfu walibaki nje ya mlango wake.

Mwaka 1875 aliwatuma wenzake wa kwanza Argentina. Mwaka 1878 alipokea shamba la kulelea yatima huko La Navarre, Ufaransa, ambako kilimo kilifundishwa kama fani kamili. Alifariki Torino Januari 31, 1888, akiwa na miaka 72, na Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1934.

Wasalesiani walifika Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, mwaka 1911 na kufungua shule ya ufundi. Tanzania na Kenya waliingia mwaka 1980, na vyuo vyao vinaendelea kufundisha useremala, umeme, uchomeleaji na uchapaji.

Mfanyabiashara wa leo afanye nini?

Si kila mmoja wetu anaweza kujenga chuo. Lakini fundi cherehani mwenye mashine tatu, mwenye gereji chini ya mwembe, mwenye mashine ya kusaga na mkulima wa bustani ya nyanya karibu wote wana kijana wanayemtumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi nao ni mali.

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Andika kijana atajifunza nini na kwa muda gani. Andika atalipwa kiasi gani mwanzoni, na kiasi gani akishaijua kazi. Andika siku za kupumzika, kazi ambazo hatatumwa, na nani atakayelipa akiharibu kifaa. Mzazi au mlezi aweke saini, nakala moja abaki nayo yeye, na muda ukiisha kijana apewe barua inayotaja alichojifunza.

Wapo watakaosema kijana akishajua kazi ataondoka na wateja. Hofu hiyo ina msingi, lakini kijana asiye na mkataba huondoka pia, tena kabla hajarudisha gharama ya kumfundisha. Mkataba wa miaka miwili unamhakikishia fundi kwamba mwaka wa pili, ambao kijana anazalisha kweli, utakuwa wake. Seremala Bertolino aliweka saini kwa sababu hesabu ilimwendea vizuri pia.