Mtakatifu Cuthbert na Siku Tano za Tufani

Tarehe 20 Machi tunamkumbuka Cuthbert, Askofu wa Lindisfarne, kaskazini ya Uingereza. Wengi wanamjua kuwa mtu aliyependa kukaa peke yake, na ni kweli. Mwaka 676, baada ya miaka mingi ya kulea watawa na kuhubiri vijijini, alihamia Farne, kisiwa kidogo kisicho na watu. Akajenga kibanda, akakizungushia ukuta mrefu kupita kimo cha mtu, hata akiwa ndani haoni ila mbingu. Alipanda ngano ikakataa. Akapanda shayiri ikamea, ndege wakaja kuila, naye akawakemea.

Lakini mtu asidhani kwamba aliwakimbia wenzake. Pale mashua zilipofikia alijenga nyumba ya wageni, na watu walivuka bahari kumletea huzuni zao. Hiyo ilikuwa faragha: amejitenga kwa hiari, na njia ya kumfikia ipo.

Mwaka 684 Mfalme Ecgfrith mwenyewe alikuja kumsihi awe askofu. Alikubali kwa machozi, akawekwa wakfu siku ya Pasaka, 685. Baada ya Krismasi ya 686, akijua siku zake ni chache, alirudi Farne.

Hapo lilimpata jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko miujiza yake. Abate Herefrith alimkuta mgonjwa, akataka kumwachia ndugu wa kumwuguza, Cuthbert akakataa. (Nani kati yetu hajaambiwa na mgonjwa aende zake tu?) Mara tufani ikavuma, na kwa siku tano hakuna mashua iliyoweza kuvuka. Habari hizi Beda alizipata kwa Herefrith mwenyewe. Waliporudi walimkuta ameketi katika nyumba ya wageni. Alijikokota hadi huko ili watakaokuja wasipate taabu ya kumfuata kibandani. Chakula chake kilikuwa vitunguu vitano, na alikuwa hajamaliza hata nusu ya kimoja. Naye akakiri kwamba tangu aingie kisiwani, adui hakupata kumshambulia kama siku zile tano. Kisiwa ni kile kile, na kimya ni kile kile alichokipenda.

Herefrith akapasha maji, akamwosha mguu uliokuwa na kidonda. Safari hii alipoombwa akubali wauguzi hakukataa, ingawa mmoja wao, Walhstod, mwenyewe alikuwa akiharisha siku nyingi.

Alifariki usiku wa kuamkia 20 Machi 687, wenzake wakiwa kando yake. Mmoja alipanda mahali palipoinuka, ameshika mishumaa miwili, mmoja kila mkono, na ng'ambo kule Lindisfarne ndugu aliyekuwa akikesha akaiona.