E.J. Wayland aliiona petroli ya Ziwa Albert, lakini kuitoa kunaomba moto

Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma – Usiku baridi inaposhuka toka mlima Nyiragongo, mawese yanaganda ndani ya chupa. Kila mama wa Kanyaruchinya anajua la kufanya: kuisogeza chupa karibu na mbabula hadi mafuta yalainike. Petroli ya Ziwa Albert, kwenye mupaka wa RDC na Uganda, nayo ina tabia hiyo. Mtu wa kwanza kuiandika vizuri alikuwa mtaalamu wa mawe, Edward James Wayland.

Wayland alizaliwa Uingereza mwaka 1888. Alichunguza mawe na madini huko Msumbiji na Ceylon, inchi inayoitwa leo Sri Lanka. Mwaka 1919 alifika Uganda kuanzisha idara ya jiolojia ya serkali ya kikoloni, huko Entebbe. Aliiongoza kwa miaka 20 hivi.

Katika bonde la Ziwa Albert aliorodhesha mahali 52 ambako petroli au alama zake zinaonekana juu ya udongo. Moja ya sehemu hizo ni Kibiro, kijiji chenye maji ya moto ambako wanawake wanatengeneza chumvi. Wakaaji walikuwa wanayaona mafuta hayo mbele yake. Yeye aliyatia katika kitabu, kilichotolewa mwaka 1925.

Si yote aliyosema yalikuwa kweli. Mawe ya mto Kafu, aliyodhani yalichongwa na watu wa kale, wataalamu wengine walionyesha baadaye kwamba yalivunjika yenyewe. Lakini kuhusu petroli hakukosea.

Mwaka 1938 kisima cha kwanza kilichimbwa Waki, karibu na Butiaba. Hakikutoa petroli ya kuuza. Mwaka uliofuata Wayland aliacha kazi Uganda, na vita kuu ya pili ikaanza. Baadaye aliongoza kazi ya jiolojia huko Bechuanaland, leo Botswana. Alikufa mwaka 1966. Ilibaki miaka 40 mbele ya Uganda kutangaza, mwaka 2006, kwamba petroli yake inatosha kwa biashara.

Hapo ndipo shida ya chupa ya mawese ilitokea. Petroli hiyo ina nta nyingi, na ikipoa inaganda. Ndiyo maana bomba la kilometa 1.443, toka Hoima hadi Tanga huko Tanzania, lilipangwa kupashwa moto njia yote, kwa joto la digri 50 na zaidi.

Hata chini ya udongo, si yote inayotoka. Uganda inahesabu mapipa miliari 6,5, lakini yanayoweza kutolewa ni miliari 1,4 hivi.

Kwingine, ambako mafuta ni mazito zaidi na mawe yana nyufa, kazi ni ngumu kupita hiyo. Maji yakisukumwa ndani, yanakimbilia kwenye nyufa na kuyaacha mafuta ndani ya jiwe. Huko Oman, kwenye eneo kubwa la petroli la Qarn Alam, wanaingiza mvuke wa moto. Mvuke unapita katika nyufa, unapasha jiwe, mafuta yanalainika na kutiririka chini hadi kwenye visima. Wataalamu wanachunguza pia njia ya kuongeza vilainishi, jinsi fundi anavyotia esansi ndani ya rangi iliyoanza kukauka. Lakini mvuke unaomba maji mengi na moto mwingi, na vilainishi vinauzwa bei kali.

Jambo hilo linagusa Kivu ya Kaskazini. Bonde alilochunguza Wayland linaendelea hadi Ziwa Edward na mbuga ya Virunga, ambayo ni jirani ya Kanyaruchinya. Mwaka 2022 serkali ya Kinshasa ilitia sokoni vitalu 27 vya petroli, na vingine viligusa Virunga. Mnada huo ulifutwa mwaka 2024.

Ikiwa mnada mwingine utakuja, orodha kama ile ya Wayland itaonyesha tu petroli iko wapi. Wakaaji watakuwa na haki ya kuuliza pia ni kiasi gani kitatoka, kwa moto na maji ya nani, na nani atabaki na moshi na uchafu wake.