Vera Menchik: Bingwa Aliyejibu Dharau Ubaoni

Mchezo wa sataranji hauhitaji misuli. Ubao una miraba 64, kila mchezaji ana kete 16, na kinachopambana ni akili. Hata hivyo, kwa muda mrefu Ulaya iliuhesabu kuwa mchezo wa wanaume. Aliyeitikisa dhana hiyo ni Vera Menchik, ambaye maisha yake nayaona kuwa funzo kwetu sisi wazazi.

Alizaliwa Moscow tarehe 16 Februari 1906, babake akiwa Mcheki na mamake Mwingereza. Babake ndiye aliyemfundisha sataranji angali mtoto. Mapinduzi ya Urusi ya 1917 yaliipokonya familia hiyo mali yake, na mwaka wa 1921 Vera akahamia Hastings, Uingereza, pamoja na mamake na dadake Olga. Kiingereza kilimtatiza, lakini ubaoni hakuhitaji maneno. Huko alipata mwalimu hodari, Géza Maróczy wa Hungaria.

Mwaka wa 1927, jijini London, alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake. Katika michezo 11 alishinda 10 na kutoka sare mmoja. Alilihifadhi taji hilo mara sita, mara ya mwisho ikiwa Buenos Aires mwaka wa 1939.

Alipoalikwa Karlsbad mwaka wa 1929 kushindana na wanaume, Albert Becker wa Austria alifanya mzaha kwamba yeyote atakayeshindwa na Vera aingizwe katika chama chenye jina la mwanamke huyo. Becker mwenyewe akawa mwanachama wa kwanza! Kweli, Vera alishika mkia katika mashindano hayo, lakini hakukata tamaa. Baadaye alimshinda mara mbili Max Euwe wa Uholanzi, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1935.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Mwezi Juni 1944 bomu la Wajerumani liliangukia nyumba yao mtaani Clapham, London, likamuua pamoja na mamake na dadake. Alikuwa na umri wa miaka 38, na taji bado lilikuwa lake. Leo kombe la wanawake katika Olimpiadi ya sataranji lina jina lake.

Hapa kwetu Uthiru mimi huwaona wanaume wakiinamia ubao wa drafti, vifuniko vya soda vikiwa ndizo kete zao. Msichana akisogea kutazama, huulizwa iwapo amemaliza kuosha vyombo. Kisha sisi hao hao husema kwamba wasichana hawana kipawa cha michezo ya akili. Lau babake Vera angalimfukuza ubaoni, hata yeye angalihesabiwa miongoni mwa wasiojua. Ndugu msomaji, mpishe binti yako aketi acheze, ndipo umpime.